Kabla Hujamwambia Mtu Asome Nini

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu, mtangazaji anaingia.)

Ndugu msikilizaji, na wewe pia uliyeshika karatasi hizi mkononi kwa sababu redio haina betri. Najua karatasi zetu huzunguka. Wengine mnasomeana kwa sauti kwenye foleni ya maji, wengine zinawafikia zikiwa zimefungiwa mandazi. Popote ulipo, karibu.

Leo sina mgeni studioni. Leo nina deni, na deni lenyewe ni langu.

Januari 2024, matokeo ya KCSE yalipotoka, niliketi hapa hapa nikazungumza na watahiniwa. Nilikuwa na furaha, nilikuwa na haraka, na zilibaki dakika tatu kabla ya taarifa ya habari. Nikasema, "Kama umepata C plasi, mlango wa chuo uko wazi. Kama hukupata, usikate tamaa, rudia mtihani." Basi. Nikaweka wimbo.

Mwaka uliofuata nilikuwa Kakuma 3, kwenye duka moja la bamba chakula, nikiwa nangoja zamu yangu. Dada mmoja akanigusa bega. "Dada, ni wewe wa redio?" Nikatabasamu, maana kusema kweli napenda kuulizwa hivyo. Akaniambia kwamba alipata C mainasi. Mama yake alisikia kipindi siku ile, akamwita, "Umesikia dada wa redio? Rudia." Shuleni hakukuwa na nafasi ya kurudia. Akajaribu kujisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi, ada ikamshinda. Mwaka mzima akakaanga mandazi na mama yake. Kisha siku moja akakutana na kijana wa bloku yao aliyekuja likizo. Kijana huyo alifanya mtihani mwaka uleule, akapata C mainasi ileile, na alikuwa chuo cha ufundi, anasoma diploma kwa ufadhili.

Hakunigombeza. Ingekuwa heri angenigombeza. Alisema tu, "Nilidhani unajua."

Nilirudi nyumbani bila unga.

Basi ndugu yangu, leo nazungumza na wewe ambaye watoto wa jirani wanakuja kukuuliza, "Kaka, baada ya shule nifanye nini?" Wewe uliyemaliza kidato cha nne ukabaki hapa. Wewe mwalimu wa insentivu, wewe kiongozi wa bloku, wewe dada mkubwa. Kazi hii ina jina: mshauri wa masomo na kazi. Katika nchi zenye amani anakuwa na ofisi na kabati la faili. Hapa kwetu mara nyingi ni wewe na benchi lako.

Usidhani ni kazi ya watu wenye uwezo tu. Baada ya siku ile nilianza kusoma nilichoweza kupata juu ya kazi hii, na jambo moja lilinishangaza. Mtu anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Frank Parsons wa Boston, Marekani. Alisomea uhandisi, akawa mwalimu, akawa mwanasheria. Mwaka 1908 alifungua ofisi ya kuwashauri vijana kuhusu kazi. Hakuifungua katika mtaa wa matajiri. Ilikuwa ndani ya nyumba ya kijamii iliyowahudumia wahamiaji, watu waliotoka Ulaya na mabegi yao, lugha haijakaa sawa mdomoni, watoto wao wakiokota kibarua chochote. Parsons alifariki mwaka huohuo, na kitabu chake kikatoka 1909. Alichofundisha, kwa ufupi, ni kwamba kijana ajijue mwenyewe, azijue kazi zilivyo, kisha akae chini apime haya mawili kwa akili iliyotulia. Nami nilikuwa nimeruka yote matatu kwa dakika tatu.

(Muziki mfupi.)

Tuanze na kusikiliza, maana hapo ndipo wengi wetu tunaharibu.

Kijana anakuja, anakaa, anasema, "Nataka kuwa daktari." Unatazama matokeo yake, Biolojia D. Mdomo unawasha. Unataka kusema, "Haiwezekani, fikiria kitu kingine." Ngoja kwanza. Muulize, kwa nini daktari?

Nimeuliza swali hilo mara nyingi sasa, na majibu hayafanani. Mmoja aliniambia kuhusu baba yake aliyeugua njiani wakitoka Kivu, na hakukuwa na mtu wa kumtazama. Huyo ana jambo lake na wagonjwa, na kazi ya kuwahudumia wagonjwa ina milango mingi zaidi ya udaktari. Mwingine alifikiri sana, akasema, "Ni kazi nzuri." Nzuri vipi? Akanyamaza. Tulipoendelea nikagundua kwamba katika maisha yake yote ameona kazi nne tu: daktari wa kliniki, mwalimu, mtu wa shirika anayeshuka kwenye gari jeupe, na dereva wa gari lenyewe. Alizaliwa hapa. Hajawahi kumwona mpima ardhi, wala mtaalamu wa maabara, wala mhasibu, wala fundi wa mitambo ya kupoza chakula. Mtu hawezi kutaka kitu ambacho hajawahi kusikia jina lake.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumwongezea orodha. Mpeleke akaone. Fundi wa sola yupo sokoni. Yule dada anayepima damu kliniki, mwombe dakika kumi wakati hana foleni, amweleze kijana alisoma nini, wapi, kwa muda gani, na siku mbaya kazini kwake inakuwaje. Siku mbaya usiisahau. Watu wakieleza kazi zao hupenda kueleza siku nzuri.

Halafu muulize kijana anafanya nini akiwa hajatumwa. Kuna mmoja alinijibu kwa aibu kwamba hufungua simu mbovu za watu. Vizuri, hiyo ni habari. Lakini na hapo ngoja tena, usirukie kusema, "Basi wewe ni fundi simu." Huenda mkono wake unapenda simu na kichwa chake kinaweza uhandisi wa umeme. Nina hasira kidogo na jambo hili, nikubalie niliseme. Tunapenda kuwapa watoto wa maskini ndoto za bei nafuu. Binti akija, cherehani. Kijana akija, uashi. Cherehani ni kazi nzuri, mimi nguo hii niliyovaa imeshonwa hapa Kakuma 1. Lakini iwe ameichagua baada ya kuona mengine, isiwe tumempa kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wetu.

(Sauti ya watu sokoni, sekunde tano.)

Sasa nilipe deni. Chukua kalamu. Hiki ndicho nilichopaswa kusema Januari ile.

Hapa Kenya, KCSE haina mlango mmoja. Ukipata C plasi na kwenda juu, unaweza kuomba shahada ya chuo kikuu. Ukipata C mainasi na kwenda juu, unaweza kuomba diploma katika vyuo vya ufundi, ile wanayoiita kiwango cha 6. Ukipata D, kuna cheti, kiwango cha 5. Aliye chini ya hapo ana kozi za ufundi wa mikono za kiwango cha 4 na cha 3. Na ngazi hizi zinapandika. Mtu anaanza na cheti, anakwenda diploma, na kutoka diploma wapo wanaofika shahada. Wanachelewa, ndiyo, lakini wanafika.

Rudia mara mbili unapomweleza mtu: huo ni wastani wa jumla, na ni mwanzo tu. Kozi nyingine hutazama pia somo moja moja. Diploma ya uuguzi, kwa mfano, haiangalii wastani peke yake, inataka kujua alama yako ya Biolojia na ya lugha. Kwa hiyo usimjibu mtu kabla hujaiona karatasi ya matokeo kwa macho yako. "Nilipata C" haitoshi. C gani, na ndani yake kuna nini?

Wewe unayesoma ukiwa nchi jirani, usichukue alama hizi ukazipeleka kwako. Nakivale na Kyangwali mtafuata mfumo wa Uganda, ambako chuo kikuu huanza kuhesabu matokeo ya kidato cha sita. Nyarugusu, Wakongomani wengi wamesoma kwa mtaala wa Kongo na kufanya Examen d'État. Nenda kaulize kwa mtihani wako na nchi uliyopo. Usiulize redio ya Kakuma.

Na kuna wale ambao hawana alama yoyote, ila mikono yao inajua. Mzee aliyekuwa seremala Uvira miaka kumi na tano. Kijana aliyejifunza kuchomelea kwa kumtazama mjomba wake. Kenya ina mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, inayotoa mtihani wa ufundi kwa madaraja: unaanza la tatu, kisha la pili, kisha la kwanza. Unapimwa kwa kazi unayoifanya, na ukipita unapewa cheti. Kuna pia mafunzo hapahapa kambini. Don Bosco wamefundisha ufundi Kakuma kwa miaka mingi, kuanzia useremala na uashi hadi umeme na kuchomelea.

Kwa nini nasisitiza cheti? Kwa sababu Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 inasema mkimbizi aliyetambuliwa ana haki ya kufanya kazi au taaluma yake pale ambapo ana sifa zinazotambuliwa na mamlaka za hapa. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Mkono unaojua bila karatasi, sheria haiuoni. Najua pia, na wewe unajua, kwamba kati ya sheria na kibali cha kazi kuna safari ndefu na foleni nyingi. Mweleze kijana yote mawili. Usimfiche foleni.

(Muziki mfupi.)

Karatasi. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu nimeona vijana wenye alama nzuri wakianguka kwenye karatasi, na inauma kuliko kuanguka kwenye mtihani.

La kwanza ni jina. Sisi tunaotoka Kongo na Burundi tunajua hadithi ya R na L. Umesajiliwa kama Furaha, shuleni wakaandika Fulaha. Au siku ya usajili baba alitaja jina la ukoo mbele, na mwalimu akaliandika nyuma. Au mwaka wa kuzaliwa ni 2004 kwenye kitambulisho na 2006 kwenye cheti, kwa sababu mtu alipunguza umri ili apate nafasi darasani. Hakuna anayejali hadi siku ya ufadhili. Siku hiyo majina mawili ni watu wawili. Kurekebisha kunachukua miezi, na dirisha la kuomba linafungwa kwa wiki. Kwa hiyo mtoto akiwa bado kidato cha pili, mwambie alete karatasi ya usajili ya familia na ripoti ya shule, uziweke pamoja mezani, usome herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, aanze kurekebisha sasa, kabla hajaandikishwa kwa mtihani.

La pili ni vyeti vya nyumbani. Mtu ana Diplôme d'État yake ya Kongo, ameilinda kwenye nailoni tangu avuke mpaka, anafikiri chuo cha Kenya kitaipokea kama ilivyo. Lazima itafsiriwe, na lazima isawazishwe na mamlaka ya Kenya, yaani wapime inalingana na nini hapa. Hilo nalo lina muda na gharama zake. Aliyepoteza cheti vitani asikae akilia peke yake. Aende aulize kwenye ofisi za elimu za mashirika kambini kuna njia gani ya kuthibitisha masomo yake.

La tatu utalicheka, lakini limewapoteza watu: barua pepe. Kijana anakwenda saiba kuomba nafasi. Mwenye saiba anamfungulia barua pepe, anaweka neno la siri analolijua yeye mwenyewe, kijana analipa, anaondoka. Miezi mitatu baadaye jibu linakuja, linakaa huko ndani, hakuna wa kulifungua. Mwaliko wa mahojiano umeshapita. Mfundishe kila mmoja afungue barua pepe yake kwa mkono wake, aandike neno la siri kwenye daftari lake, na aifungue kila wiki hata kama hangoji kitu. Na laini ya simu iwe yake. Isiwe ya jirani atakayehama.

Mwisho kwa karatasi, kumbuka kwamba anayekwenda kusoma nje ya kambi anahitaji ruhusa ya kusafiri kutoka idara ya serikali inayohusika na wakimbizi. Barua ya chuo peke yake haimpitishi kizuizini barabarani. Aombe mapema.

(Muziki mfupi.)

Sasa ufadhili. Hapo ndipo madalali walipo.

Ufadhili unaoujua kwa jina pengine ni DAFI, unaosimamiwa na UNHCR kwa fedha hasa za serikali ya Ujerumani, na ulianza 1992, mwaka uleule kambi hii ilipoanza. Unamsomesha mkimbizi katika nchi aliyokimbilia. Mwingine ni ule wa kwenda Kanada, WUSC, ulioanza 1978. Huu nilipousoma nilifurahi kujua kwamba wanafunzi wa vyuo vya Kanada wenyewe hutoa mchango mdogo kwenye karo zao ili mkimbizi mmoja aje asome nao. Kuna pia kozi zinazosomwa kwa mtandao ukiwa hapahapa kambini. Kila mmoja una masharti yake, na masharti hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo usimpe mtu masharti ya mwaka jana. Nenda kwenye ubao wa tangazo, soma mwenyewe, tazama tarehe, kisha thibitisha kwa mtu wa pili ofisini. Mimi sasa sisomi tangazo la masomo hewani kabla sijafanya hivyo, hata mhariri akinikazia macho.

Fomu hizo haziuzwi. Mtu akikuambia umtumie M-Pesa "ya kusukuma faili," huyo ni mwizi, hata akiwa na kadi ya kuning'iniza shingoni. Na wewe mshauri, usipokee kitu. Hata elfu moja ya shukrani. Siku utakayopokea, kesho yake wenye pesa ndio watakaokaa kwenye benchi lako, na wale uliokusudia kuwasaidia watapita mbali.

Kuna jambo gumu zaidi ya dalali, nalo ni tumaini. Wanaoomba ni wengi sana, wanaopata ni wachache sana. UNHCR imeweka lengo kwamba ifikapo 2030, wakimbizi 15 kwa kila 100 wa umri wa chuo wawe wanasoma elimu ya juu, na hadi sasa hawajafika 10. Mwambie kijana ukweli huo, kisha msaidie aombe kwa nguvu zake zote, na wakati huohuo awe ameomba kitu cha pili na cha tatu. Anayengoja mlango mmoja anakaa chini. Nimeona jambo hilohilo kwa familia zilizokuwa zikingoja kusafiri. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kulikuwa na watu waliokwisha kuuza masufuria. Watoto wao walikuwa wameacha shule, "maana tutasoma huko." Kwa nyumba kama hiyo, neno langu ni hili: cheti ni kizigo chepesi, ndege ikija mtasafiri nacho.

Kuhusu wazazi, usiwapite pembeni. Ukimshauri binti bila mama yake kujua, ushauri wako utaishia mlangoni. Nenda, keti, kunywa chai kama ipo, sikiliza. Mara nyingi mama hapingi masomo. Anapiga hesabu. Mgao umepungua, binti ndiye anayekaanga mandazi, akienda chuo nani atakaanga? Hilo ni swali la kweli, na hotuba juu ya thamani ya elimu hailijibu. Tafuteni jibu pamoja: pengine kozi ya jioni, pengine chuo cha karibu, pengine mdogo wake akisaidiwa. Lakini ukisikia kuna mahari imeshapokelewa na binti hataki, au bado ni mtoto, hapo umefika mwisho wa uwezo wako. Usipigane peke yako. Wapo watu wa ulinzi wa watoto kambini, peleka jambo kwao siku hiyohiyo.

Hilo linanileta kwenye mipaka yako. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayosimamia kazi ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Wewe na mimi hatujasajiliwa, kwa hiyo tusijiite hivyo. Tunaelekeza kwenye masomo na kazi, basi. Utafika wakati umemuuliza kijana, "Unajiona wapi miaka mitano ijayo?" naye akaanza kutetemeka, au akakuambia hataki kuwepo. Funga daftari. Usimwache peke yake, wala usimhubirie. Mpeleke kwa wataalamu wa afya ya akili kliniki, utembee naye mpaka mlangoni. Na siku zote kaeni mahali panapoonekana na watu, hasa kijana wa kiume anapomshauri binti. Anachokuambia kibaki kwako, lakini mahali pasiwe pa kificho.

Kama kazi hii imekukaa moyoni na unataka kuifanya rasmi, zipo kozi za ushauri nasaha kuanzia cheti na diploma, na shahada za elimu na za saikolojia. Mimi mwenyewe nina kidato cha nne tu, na naitafuta hiyo diploma. Mpaka hapo, anza na ulichonacho. Mwone mwalimu mkuu wa shule ya karibu, omba ruhusa ya kumsaidia mwalimu wa ushauri Jumamosi moja kwa mwezi. Atafurahi, darasa lake ni kubwa kuliko nguvu zake. Kuwa na daftari. Andika jina, alama, alichosema anataka, mlichokubaliana, na tarehe ya kuonana tena. Ile tarehe ya kuonana tena ndiyo inayokutofautisha na mtu wa redio anayesema na kuweka wimbo.

Na wahi wadogo. KCPE ya mwisho ilifanyika 2023, na mfumo mpya umeingia sekondari ya juu mwaka huu wa 2026 kwa darasa la 10. Mtoto sasa anachagua njia akiwa darasa la 9: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Ni mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, pengine nyumbani hakuna aliyesoma kwa mfumo huo, na uchaguzi wake una uzito. Zamani tulimngoja kijana amalize kidato cha nne ndipo tumuulize anataka nini. Sasa tukingoja hivyo tumechelewa.

(Muziki unaanza chini.)

Yule dada wa Kakuma 3 ameniruhusu kueleza habari zake bila jina. Mwaka huu ameomba diploma sehemu mbili. Jibu la kwanza lilikuwa hapana. La pili tunalingoja, na barua pepe anaifungua mwenyewe kila Ijumaa. Nilimwalika aje akae kwenye kiti cha mgeni leo, akasema ana unga umeshaumuka nyumbani, hawezi kuuacha. Lakini Jumamosi huwa anakuja.

Kila Jumamosi, baada ya kipindi cha mchana, tuko yeye na mimi chini ya mti ulio mbele ya studio hii. Leta karatasi yako ya matokeo na ya usajili wa familia. Kama una cheti cha nyumbani, acha chenyewe nyumbani, njoo na fotokopi. Na kama kuna lolote nililolisema leo ambalo unajua si sawa, njoo kabla ya Jumanne, nilirekebishe kwenye kipindi kijacho.

Ni mimi dada yenu wa jioni. Usiku mwema.

(Muziki wa kufunga.)